Kemia ya supramolekuli na sumu za kemikali

Kemia ya supramolekuli ni tawi la kemia linalochunguza jinsi molekuli mbili au zaidi zinavyoshikana bila kuungana kwa muungo wa kawaida wa kikemia. Katika tawi hilo kuna molekuli zenye umbo la pete, bakuli au kizimba ambazo huweza kupokea molekuli nyingine ndani yake. Molekuli inayopokea huitwa mwenyeji, na ile inayopokelewa huitwa mgeni. Mgeni huyo akiwa sumu, uhusiano huo unaweza kutumika kwa njia tatu: kuitambua sumu, kuitoa katika maji au mwilini, na kuivunja iwe kitu chenye madhara madogo zaidi.

Sumu zinazohusika ni za aina nyingi, kuanzia silaha za kemikali hadi viuatilifu vya shambani. Nchini Tanzania suala hili linahusu zaidi viuatilifu. Mfano mmoja uliochunguzwa na wanasayansi ni delta ya mto Rufiji, katika wilaya ya Kibiti mkoani Pwani, ambako mashamba ya mpunga yamepakana na mikoko inayolea kamba, kaa na samaki.

Mwenyeji na mgeni

Mwaka 1894 mwanakemia Mjerumani Emil Fischer alifananisha kimeng'enya na kitu kinachofanyiwa kazi na kimeng'enya hicho na kufuli na ufunguo wake: lazima maumbo yalingane. Wazo hilo lilikaa kwa muda mrefu kama maelezo ya mambo ya viumbehai tu. Mwaka 1967 Charles Pedersen, mwanakemia wa Marekani aliyezaliwa Korea, alichapisha habari za molekuli zenye umbo la pete alizozipata maabarani na ambazo zilishika ioni za metali katikati yake. Ziliitwa etha za taji kwa sababu ya umbo lake. Jean-Marie Lehn wa Ufaransa na Donald Cram wa Marekani waliendeleza kazi hiyo kwa kutengeneza vizimba vyenye pande zote, na wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1987. Jina "kemia ya supramolekuli" lilitolewa na Lehn.

Nguvu zinazomshika mgeni ni dhaifu zikilinganishwa na muungo wa kawaida. Nazo ni mvutano wa chaji chanya na hasi, muungo wa hidrojeni, na tabia ya vitu vyenye asili ya mafuta kuyakimbia maji. Udhaifu huo ndio faida yake. Mgeni anaweza kuingia na kutoka, hivyo mwenyeji anaweza kusafishwa na kutumika tena.

Kati ya wenyeji wanaojulikana zaidi ni siklodekstrini, zilizogunduliwa na Mfaransa Antoine Villiers mwaka 1891. Hizi hutengenezwa kutokana na wanga wa kawaida, kama ule wa mahindi, viazi au muhogo, kwa msaada wa kimeng'enya cha bakteria. Ni pete ya glukosi: 6 katika aina ya alfa, 7 katika beta na 8 katika gama. Nje yake hupenda maji, lakini ndani yake hupendelea vitu vya mafuta. Kwa hiyo molekuli isiyoyeyuka vizuri katika maji hujificha humo. Aina nyingine ni kaliksareni, zenye umbo la bakuli, na kukurbiturili, ambazo jina lake limetokana na jina la kisayansi la jamii ya maboga. Mtu akitazama mchoro wa kukurbiturili ataona kwa nini: ni boga lililokatwa juu na chini na kutolewa mbegu.

Undugu wa viuatilifu na silaha

Sumu za neva, ambazo ni kundi la hatari zaidi la silaha za kemikali, hazikuanzia katika kiwanda cha silaha. Mwaka 1936 Gerhard Schrader, mwanakemia wa kampuni ya IG Farben nchini Ujerumani, alikuwa akitafuta dawa mpya ya kuua wadudu alipopata kampaundi ya fosforasi iliyoitwa baadaye tabuni. Sarini ilifuata mwaka 1938. Schrader huyohuyo alitengeneza pia parathioni, kiuadudu kilichotumika mashambani duniani kote baada ya Vita Kuu ya Pili.

Kampaundi hizi zote za fosforasi hufanya kazi kwa njia moja. Katika mwili wa mtu, ujumbe kutoka neva kwenda msuli hupelekwa na kemikali iitwayo asetilikolini, kisha kimeng'enya cha asetilikolinesterasi huiondoa mara moja ili msuli upumzike. Sumu hii hukifunga kimeng'enya hicho. Ujumbe haukomi tena: mate, machozi na jasho hutoka bila kuzuilika, mboni za macho husinyaa, kifua hubana, misuli hutetemeka, na mwishoni mtu hushindwa kupumua. Tofauti kati ya sarini na kiuatilifu cha dukani ni ya kiwango na kasi, si ya njia. Ndiyo sababu wanakemia wengi hufanya majaribio yao kwa viuatilifu au kemikali zinazofanana nazo badala ya silaha yenyewe, na ndiyo sababu matokeo yao yana maana pia kwa mkulima.

Afrika ya Mashariki ina kumbukumbu yake ya silaha za kemikali. Katika vita vya miaka 1935 na 1936 jeshi la Italia lilitumia gesi ya haradali dhidi ya Waethiopia, ingawa Itifaki ya Geneva ya mwaka 1925 ilikuwa imekataza. Gesi hiyo haimo katika kundi la sumu za neva. Huchoma ngozi, macho na mapafu. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali ulianza kufanya kazi tarehe 29 Aprili 1997, na Tanzania ni mwanachama wake.

Delta ya Rufiji

Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa takriban hekta 53,000, ambao ni mkubwa kuliko misitu mingine ya mikoko ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Tangu mwaka 2016 delta imo katika wilaya ya Kibiti, iliyoundwa kwa kuigawa wilaya ya Rufiji. Kamba wachanga huingia kwenye vijito vya mikoko kutoka baharini, hukua humo kisha hurudi baharini. Sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa Tanzania hutegemea eneo hili.

Wakazi wa delta hulima mpunga pia, hasa upande wa kaskazini unaopata maji baridi mengi zaidi kutoka mtoni. Baadhi ya mashamba yamefunguliwa kwa kukata mikoko, na shamba la namna hiyo halikosi kaa. Kaa hukata miche michanga ya mpunga, na katika usiku mmoja kazi ya siku kadhaa inaweza kupotea. Wakulima wamewakabili kwa sumu, na katika sumu zilizoripotiwa kutumika kwa kazi hiyo imo DDT. Magugu nayo hupulizwa dawa kwa bomba la mgongoni. Kutoka shambani hadi kijito cha karibu mara nyingi ni hatua chache, na maji ya bamvua huingia na kutoka pote.

Hapo pana jambo ambalo halitiliwi maanani vya kutosha. Kamba na kaa ni arithropodi kama wadudu, na neva zao hufanya kazi kwa namna ileile. Kiuadudu hakiwezi kumtofautisha kaa anayekata miche na kamba mchanga anayekua mita chache kutoka hapo. Mkulima anayelinda mpunga wake na mvuvi anayesubiri kamba mara nyingi ni watu wa nyumba moja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulipima udongo, maji na mashapo ya delta na kuripoti masalia ya viuatilifu vya aina mbili: vile vya klorini, kama DDT na kampaundi zinazotokana nayo, na vile vya fosforasi. Si masalia yote yanayotokana na mashamba ya delta yenyewe. Bonde la Rufiji lina eneo la takriban kilomita za mraba 177,000, na mito yake hupita katika mashamba makubwa ya mpunga ya Usangu pamoja na mashamba ya mpunga na miwa ya Kilombero kabla ya kufika Kibiti. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, limebadilisha mwendo wa maji na wa mashapo kuelekea delta.

Tofauti ya aina hizo mbili ni muhimu kwa mtu anayetaka kuziondoa. Viuatilifu vya fosforasi ni vikali lakini huvunjika katika muda wa siku, wiki au miezi. DDT si kali hivyo kwa mtu kwa siku moja, ila hudumu miaka, huingia katika mafuta ya mwili na kuongezeka kutoka kiumbe kimoja hadi kingine kinachokila. Katika lita moja ya maji huyeyuka mikrogramu chache tu. Nyingine hukaa kwenye tope.

Kutambua sumu

Njia ya kawaida ya kupima viuatilifu ni kromatografia ya gesi. Ni sahihi sana, lakini huhitaji mashine ya gharama kubwa, umeme wa uhakika na mtaalamu. Sampuli ya tope kutoka Mbwera au Nyamisati lazima ihifadhiwe kwenye baridi na isafirishwe kwa mashua na gari mpaka maabara ya mjini. Hapo ndipo kemia ya supramolekuli inapotoa njia nyingine.

Mbinu inayotumika mara nyingi huitwa jaribio la kumwondoa mgeni. Kwanza mwenyeji hupewa mgeni wa muda, yaani rangi inayong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Rangi hiyo ikiwa ndani ya mwenyeji hung'aa kwa kiwango fulani. Ikiwa nje, kiwango hubadilika. Maji yenye sumu yakiongezwa, sumu inayomfaa zaidi mwenyeji huisukuma rangi nje na kuchukua nafasi yake. Kiasi cha mabadiliko ya mwanga huonyesha kiasi cha sumu. Kazi hiyo huweza kufanyika katika dakika chache, pengine kwa ukanda wa karatasi na taa ndogo.

Kiuagugu kinachofaa sana kwa mbinu hiyo ni parakwati. Molekuli yake ina chaji chanya mbili, na kukurbiturili zina oksijeni nyingi kwenye midomo yake miwili, hivyo hushikana kwa nguvu. Viuatilifu vya fosforasi ni vigumu zaidi kwa sababu vingi havina chaji. Kwa hivyo watafiti hutumia siklodekstrini, au hutumia kimeng'enya chenyewe cha asetilikolinesterasi kama mwenyeji: kimeng'enya kikiacha kufanya kazi, sumu ipo.

Udhaifu wa mbinu hizi ni kwamba mwenyeji hukubali zaidi ya mgeni mmoja. Maji ya delta yana chumvi ya bahari na rangi ya kahawia itokanayo na majani ya mikoko yaliyooza. Ioni za sodiamu za maji ya chumvi hushindania midomo ya kukurbiturili, na kemikali za majani hushindania nafasi ndani ya siklodekstrini. Kipimo kinachofanya kazi vizuri kwa maji safi ya maabara kinaweza kusema uongo kwenye kijito cha mikoko, na njia ya busara ni kukitumia kuchagua sampuli za kupeleka maabara, si kutoa hukumu ya mwisho.

Kunasa sumu

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha habari za polima yenye vinyweleo vingi iliyotengenezwa kwa kuunganisha siklodekstrini za beta. Polima hiyo ilinasa masalia ya viuatilifu, dawa za hospitali na plastiki kutoka katika maji kwa haraka kuliko mkaa wa kawaida wa kuchujia, na iliweza kusafishwa kwa alkoholi na kutumika tena. Faida yake kubwa kwa nchi kama Tanzania ni kwamba malighafi yake ni wanga.

Siklodekstrini zimejaribiwa pia kuosha udongo uliochafuliwa na DDT, kwa kuwa huiwezesha kuyeyuka katika maji. Mkoa wa Pwani wenyewe una mfano wa udongo wa namna hiyo. Huko Vikuge, wilaya ya Kibaha, viuatilifu vilivyotolewa kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986, ambavyo sehemu yake ilikuwa imepitwa na wakati, viliwekwa katika banda la wazi la shamba la serikali na kuachwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba uchafuzi wa DDT na HCH ulibaki mkubwa hata baada ya shehena kuondolewa.

Hata hivyo kuosha udongo ni kazi ya kuangaliwa sana. DDT iliyoshikwa na udongo haisogei upesi. Iliyoshikwa na siklodekstrini husafiri na maji. Mahali ambapo maji ya kuoshea hayawezi kukusanywa yote, dawa inaweza kuipeleka sumu kisimani. Katika delta, ambako maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, hakuna namna ya kuyazuia.

Kuvunja sumu

Kunasa si kuvunja. Mara nyingine ni kinyume chake: molekuli ya kiuatilifu iliyojificha ndani ya siklodekstrini inaweza kukingwa isifikiwe na maji, hivyo ikadumu zaidi. Majaribio ya viuatilifu vya fosforasi yameonyesha mambo yote mawili, kuharakishwa na kucheleweshwa, kutegemea jinsi molekuli inavyokaa ndani ya pete.

Ili kuvunja, mwenyeji lazima awe na kichocheo mahali pafaapo. Sumu za fosforasi hupoteza ukali wake pale maji yanapokata muungo mmoja maalumu kwenye atomi ya fosforasi. Mmenyuko huo huitwa hidrolisisi, na kwa kawaida ni wa polepole. Waliofanikiwa zaidi kuuharakisha wametumia viunzi vya metali na ogania, ambavyo ni fuwele zenye vyumba vidogo vilivyojengwa kwa metali kwenye pembe na molekuli za kaboni kama nguzo. Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025 kwa kuviendeleza viunzi hivyo.

Kiunzi kiitwacho UiO-66, kilichopewa jina la Chuo Kikuu cha Oslo na kutangazwa mwaka 2008, kina zirkoni kwenye pembe zake. Zirkoni huishika sumu kwa oksijeni yake na kuilegeza ili maji yaikate. Kiunzi kingine cha zirkoni, NU-1000 cha Chuo Kikuu cha Northwestern, kina vyumba vikubwa zaidi. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba kilivunja nusu ya kemikali ya majaribio inayofanana na sumu za neva katika dakika 15, na kikikaushwa kwanza muda huo ulishuka hadi dakika moja na nusu. Kilivunja pia somani, ambayo ni silaha halisi. Matumizi yanayofikiriwa ni vichujio vya barakoa na nguo za kujikinga.

Majaribio hayo yalifanyika katika maji yenye ubesi mkubwa yaliyotengenezwa maabarani. Zirkoni hushikwa kwa nguvu na fosfeti, na fosfeti ndiyo iliyomo katika mbolea. Katika maji yanayotoka shambani, kiunzi kinaweza kujaa mbolea kabla ya kuiona sumu.

Pia lazima iulizwe sumu inavunjwa iwe nini. Parathioni ikikatwa hutoa nitrofenoli, na kloripirifosi hutoa kampaundi ya klorini inayodumu katika udongo. Zote mbili zina sumu yake, ingawa ndogo kuliko ya mwanzo. DDT haina fosforasi na haivunjwi na viunzi hivi kwa njia hiyo. Ikiwekwa katika besi hugeuka kuwa DDE, ambayo hudumu zaidi kuliko DDT yenyewe.

Matumizi katika tiba

Mfano bora wa mwenyeji anayefanya kazi ndani ya mwili wa mtu ni sugamadeksi, siklodekstrini ya gama iliyobadilishwa kidogo. Iliidhinishwa Ulaya mwaka 2008. Baada ya upasuaji huzunguka katika damu na kuikamata dawa ya kulegeza misuli, rokuroniamu, na mgonjwa huanza kupumua mwenyewe. Kukurbiturili zimejaribiwa kwa panya waliopewa parakwati.

Kwa mtu aliyepatwa na sumu ya kiuatilifu cha fosforasi, tiba inayotumika bado ni atropini, pamoja na pralidoksimu ambayo huikwangua sumu kutoka kwenye kimeng'enya. Pralidoksimu lazima itolewe mapema, kwa sababu baada ya muda sumu hujifunga kwenye kimeng'enya na haitoki tena. Mtu huvuliwa nguo zilizolowa dawa na kuoshwa kwa maji mengi na sabuni wakati anapopelekwa hospitali.

Sheria na usimamizi

Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kufanya kazi mwaka 2004, unaruhusu DDT kwa ajili ya kudhibiti wadudu waenezao magonjwa tu, si kwa kilimo. Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Mwaka 2025 nchi wanachama ziliamua kuongeza kloripirifosi katika orodha ya kemikali za kuondolewa, pamoja na ruhusa za pekee kwa matumizi fulani.

Nchini Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kuchukua kazi za taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyokuwa Arusha. Kemikali za viwandani na majumbani husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Uvuvi wa sumu umekatazwa na sheria ya uvuvi ya mwaka 2003. Desturi yenyewe ni ya zamani: majani ya utupa yaliyopondwa yametumika kulevya samaki, na sumu yake, rotenoni, huvunjika upesi kwenye jua. Viuatilifu vya dukani vilipochukua nafasi ya utupa mambo yalibadilika. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Kenya, Tanzania na Uganda kwa sababu ya habari za wavuvi kutumia viuatilifu, na ili soko lifunguliwe tena nchi hizo zilitakiwa kuonyesha kwamba zinaweza kupima masalia hayo.